Palestrina: Hekalu la Fortuna na Njia Inayofaa Kulipanda

Kati ya vituo vya kale vya uaguzi ambavyo mgeni aliyefikia Roma anaweza kuvitembelea na kurudi jioni, hekalu la mungu wa kike Fortuna Primigenia katika mji wa Palestrina ndilo ninalolipendekeza kwanza, ingawa kwa sharti moja ambalo wageni wengi hawalitimizi: ni lazima aanzie chini. Mji huu, ambao Warumi waliuita Praeneste, uko kilomita zipatazo 35 mashariki ya Roma, kwenye ubavu wa mlima. Hekalu lake halikuwa jengo moja lenye safu ya nguzo mbele kama yale yanayochorwa katika vitabu vya shule, bali ulikuwa ubavu mzima wa mlima uliochongwa, ukashikiliwa kwa kuta na kugeuzwa majukwaa yanayopandana. Mgeni anayeshushwa na gari mbele ya makumbusho yaliyo juu, akatazama mandhari, akapiga picha na kuondoka, amefika moja kwa moja mahali ambapo mwenye shida wa zamani alifika mwisho kabisa, baada ya kupanda kwa muda mrefu bila kuona aendako.

Kwanza ieleweke ni huduma gani iliyokuwa ikitolewa hapa, maana bila hilo mawe hayasemi kitu. Katika maandiko yake ya mwaka 44 KK kuhusu uaguzi, Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mtu wa heshima wa Praeneste aliyeitwa Numerius Suffustius aliota ndoto mara nyingi, na mwishowe ndoto hizo zikawa za vitisho, zikimwamuru apasue mwamba mahali fulani. Watu wa mji walimcheka, lakini yeye aliupasua, na ndani yake zikatokeza kura za mti wa mwaloni zilizochongwa herufi za kale. Wakati huohuo asali ilitiririka kutoka katika mzeituni, na waaguzi wakaagiza kwamba mzeituni huo utengenezewe kasha la kuhifadhia kura hizo. Tangu hapo, aliyetaka kujua mambo yake alikuja hekaluni, na Fortuna akiridhia, mtoto mdogo alizichanganya kura na kuchomoa mojawapo. Hapakuwa na kuhani wa kike aliyepandwa na pepo, wala jibu la mashairi, wala mvuke unaofuka kutoka ardhini. Palikuwa na kijiti chenye maandishi na mkono wa mtoto.

Cicero hakuiamini huduma hii hata chembe. Alisema kupiga kura za namna hiyo hakutofautiani sana na kurusha dado, na kwamba jambo zima lilibuniwa kwa hila, ama kwa ajili ya faida, ama kwa sababu ya ushirikina. Kisha akaongeza maneno ambayo kwangu ndiyo mwongozo bora kabisa wa mahali hapa: kwamba ni uzuri na ukongwe wa hekalu unaolinda jina la kura za Praeneste, tena kwa watu wa kawaida tu, kwani ni hakimu gani au mtu gani mashuhuri anayezitumia? Anamtaja pia mwanafalsafa Carneades, aliyezoea kusema kwamba hajapata kuona mahali ambapo Bahati yenyewe (ndiyo maana ya jina Fortuna) imebahatika kuliko Praeneste. Ukisoma kejeli hizo kwa makini, utaona kwamba Cicero, bila kukusudia, anausifu usanifu wa majengo. Kijiti ni kijiti. Kilichomfanya mtu akiamini ni njia aliyopitishwa kabla ya kukipokea, na njia hiyo, kwa bahati njema, bado ipo.

Kuhusu madai yake kwamba wakubwa hawakuzitumia kura hizi, kumbukumbu nyingine za Kirumi zinamkanusha, za kabla yake na za baada yake. Katika karne ya 3 KK, Seneti ilimkataza konsuli mmoja wa ukoo wa Lutatius asizitumie kura za Praeneste, kwa hoja kwamba mambo ya dola yaongozwe na ishara za mababu na si za wageni; amri kama hiyo haitolewi dhidi ya jambo lisilomvutia mtu yeyote. Mwaka 167 KK mfalme Prusias wa Bithynia, alipofika Roma, aliomba ruhusa ya kumtolea kafara Fortuna wa Praeneste. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaizari, naye anasimulia kwamba Kaizari Tiberius, aliyetaka kuviondoa vituo vya uaguzi vilivyokuwa karibu na Roma, alizichukua kura hizi katika kasha lililotiwa muhuri, kasha likafunguliwa Roma na kukutwa tupu, na kura hazikuonekana tena hadi kasha liliporudishwa hekaluni. Na Kaizari Domitian, kwa mujibu wa mwandishi huyohuyo, kila mwaka mpya aliukabidhi mwaka huo kwa Fortuna wa Praeneste na kupata jibu jema lilelile, isipokuwa mwaka wake wa mwisho, ambapo kura iliyotoka ilikuwa mbaya na ilitaja damu. Aliuawa mwaka 96 BK. Iwe kisa hicho kilitokea au kilipambwa baadaye, kinaonyesha sifa ya kituo hiki ilifika hadi ikulu.

Sasa nirudi kwenye njia yenyewe. Hekalu tunaloliona lilijengwa kuelekea mwisho wa karne ya 2 KK, kwa zege la Kirumi lililofunikwa vipande vidogo vya mawe, na fedha zake, kama wataalamu wengi wanavyoamini, zilitoka kwa koo za mji huu zilizotajirika kwa biashara ya mashariki ya Mediterania, hasa kisiwani Delos. Zege ndilo lililowezesha yote. Wagiriki walikuwa na ustadi wa kutosha wa mawe, lakini kuubeba ubavu wa mlima juu ya matao yaliyofungamana kulihitaji nyenzo inayomiminwa na kuganda kwa umbo lolote, na Praeneste ni mojawapo ya mahali pa mwanzo ambapo Waitalia walionyesha bila woga nyenzo hiyo inaweza nini. Mtu anayependa ujenzi anaweza kutumia saa nzima hapa akichunguza kuta tu, na sitamlaumu.

Kutoka kwenye kuta za chini kabisa, ambazo zimejengwa kwa mawe makubwa yasiyo na umbo moja, zilianza njia mbili pana za mwinuko, moja ikitokea mashariki na nyingine magharibi, zikapanda kukutana katikati. Wachimbaji walioyachunguza magofu haya wanaeleza kwamba njia hizo zilikuwa na paa kwa sehemu, na upande unaotazama bonde ulizibwa kwa ukuta, kiasi kwamba aliyepanda hakuona mashamba wala bahari, bali aliona migongo ya waliomtangulia na kipande cha mbingu. Hata vichwa vya nguzo vilichongwa kwa mshazari ili kufuata mwinuko wa njia. Halafu, njia hizo mbili zinapokutana, unageuka, na bonde lote linafunguka kwa mara moja, kuanzia vilima vya Alban hadi upande wa bahari. Hilo halikutokea kwa bahati. Msanifu alijua kwamba binadamu aliyenyimwa kitu kwa muda, kisha akapewa chote kwa pamoja, hulainika moyo, na mwenye moyo uliolainika ndiye anayefaa kupokea kijiti cha mwaloni kama neno la mungu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mgeni wa leo ni huu. Aanzie kwenye uwanja wa mji, mbele ya kanisa kuu la Sant'Agapito, apande kwa miguu kwa ngazi za mitaa hadi kwenye kasri lenye makumbusho, ambako tikiti hukatwa. Akiisha kuingia, asikimbilie vyumbani. Ashuke kwanza kwenye magofu hadi jukwaa la chini linalofikika, kisha ageuke na kupanda polepole. Viatu viwe imara, kwa kuwa mawe ni ya kuteleza, na maji ya kunywa yasisahaulike, hasa kati ya Juni na Septemba, maana kivuli ni kidogo. Mwenye matatizo ya magoti au anayetumia kiti cha magurudumu nisimdanganye: makumbusho yanaweza kumfaa, lakini magofu ni ya ngazi na mwinuko mtupu, na hakuna mpangilio wowote utakaoubadilisha mlima.

Jukwaa ninalolipenda kuliko yote ni lile la kumbi mbili za nusu duara. Kila upande wa ngazi ya kati kuna ukumbi uliopinda, wenye benchi la mawe na nguzo, na mbele ya ule wa mashariki kuna kisima. Watafiti wa zamani waliamini kwamba kura zilipatikana chini mjini, katika pango ambalo hadi leo linaitwa Antro delle Sorti; wengine, ambao hoja yao inanishawishi zaidi, wanasema ni hapa kwenye kisima. Cicero anasema kwamba mahali pa kura palizungushiwa uzio wa heshima, na kwamba karibu yake palikuwa na sanamu ya Jupiter akiwa mtoto, amepakatwa na Fortuna pamoja na Juno huku akilitafuta titi, sanamu iliyoheshimiwa sana na akina mama. Ajabu ni kwamba maandishi ya shaba ya mwanamke aitwaye Orcevia, aliyetoa zawadi kwa ajili ya uzazi, yanamwita Fortuna huyohuyo binti wa Jupiter. Mama mlezi wa mungu ambaye pia ni baba yake! Wenyeji, yaelekea, hawakuona haja ya kusuluhisha jambo hilo, na mimi ningependa zaidi wageni wakae kwenye benchi lile walifikirie kidogo, badala ya kupita wakitafuta pembe nzuri ya picha.

Juu yake kuna jukwaa la maduka na vyumba vyenye nusu nguzo, ambalo nililipita haraka, na juu zaidi uwanja mpana uliokuwa na vibaraza pande tatu. Uwanja huo unaishia kwenye ngazi za nusu duara kama za ukumbi wa michezo, na juu ya ngazi palikuwa na kibaraza kilichopinda, na nyuma yake hekalu dogo la mviringo. Familia ya Barberini, iliyoununua mji mwaka 1630, ilikuwa na kasri juu ya masalia hayo, na ndiyo sababu uso wa kasri umepinda: umefuata duara la kale. Chini yake, kwa karne nyingi, nyumba za mji ziliyafunika majukwaa kiasi kwamba watu waliishi ndani ya hekalu bila kuliona kwa ukamilifu. Mabomu ya mwaka 1944 yalizibomoa nyumba nyingi, na baada ya vita Furio Fasolo na Giorgio Gullini wakachimba na kuisafisha sehemu ya juu badala ya mji kujenga tena juu yake. Ni vigumu kufurahia magofu haya bila kukumbuka kwamba uwazi wake umetokana na nyumba za watu kuteketea.

Makumbusho yaliyo ndani ya kasri yamepangwa kwa ghorofa, na mpangilio wake una busara moja kubwa: kilicho bora kimewekwa juu kabisa. Katika vyumba vya chini kuna vichwa vya sanamu, madhabahu, mawe ya makaburi, na yale makasha ya shaba ya mviringo yenye michoro laini ambayo yalizikwa pamoja na wanawake wa Praeneste karne ya 4 na ya 3 KK, yakiwa na vioo, vitana na vyombo vya urembo. Ni kazi nzuri ya mafundi, ila kasha maarufu kuliko yote, lile la Ficoroni, liko Roma katika makumbusho ya Villa Giulia, kwa hiyo anayekuja kwa ajili ya makasha peke yake angeanzia huko. Usipite bila kusimama kwenye mfano mdogo wa hekalu lote. Ukiutazama baada ya kupanda, kila ulichokanyaga kinapata mahali pake.

Kisha unaingia chumba cha mozaiki ya Mto Naili. Ni picha ya vipande vidogo vya mawe, yenye upana wa karibu mita 6 na urefu wa zaidi ya mita 4, inayoonyesha mto huo kutoka nchi ya Waethiopia juu hadi delta ya Misri chini, wakati wa mafuriko. Sehemu ya chini ina mahekalu, askari, makuhani kwenye maandamano, mashua za mafunjo na watu wanaokunywa chini ya kivuli cha mizabibu. Sehemu ya juu ni miamba, wawindaji weusi wenye pinde, na wanyama walioandikiwa majina kwa Kigiriki. Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki ana faida hapa ambayo mgeni wa Ulaya hana: anawatambua wengi kabla ya kusoma jina. Twiga wapo, kiboko, mamba, kifaru, nyani, simba jike na joka linalomkamata ndege. Vilevile anawatambua wale ambao hawapo duniani, kwa mfano kiumbe mwenye mwili wa punda na kichwa cha binadamu, na anaona wazi mahali ambapo mchoraji aliacha kutegemea habari za waliofika na kuanza kutegemea masimulizi. Mimi nilikaa mbele ya miamba ile muda mrefu kuliko mahali pengine popote mle ndani, kwa sababu ni nadra kukutana na picha ya kale namna hii inayojaribu kuitazama nchi ya juu ya mto, hata kama mtazamaji wake hakuwahi kuikanyaga.

Lakini atakayeitazama ajue kwamba haitazami kama ilivyotengenezwa. Mozaiki ilikuwa katika sakafu ya ukumbi wa mji wa chini, pamoja na maji yaliyokuwa yakipita juu yake kama utando mwembamba, na wataalamu wengi wanauhusisha ukumbi huo na ibada ya Isis, mungu wa Kimisri aliyefananishwa na Fortuna. Katika karne ya 17 ilikatwa vipande, ikapelekwa Roma, ikaharibika safarini wakati wa kurudishwa, na kuunganishwa upya na mafundi waliojaza mapengo. Kipande kimoja cha asili, kile cha watu wanaokunywa chini ya mizabibu, kiko Berlin, na kilichopo Palestrina ni nakala. Tunaweza kuyajua mengi kuhusu mpangilio wa awali kwa sababu tu ya michoro ya rangi iliyofanywa kwa ajili ya Cassiano dal Pozzo, mkusanyaji wa michoro wa Roma, kabla ya matengenezo. Hili halipunguzi thamani ya kuja. Linamtaka mtu asijenge hoja juu ya mnyama gani yuko karibu na yupi.

Kasoro kubwa ya ziara hii ni kwamba hekalu limegawanyika sehemu mbili ambazo hazionekani kama kitu kimoja. Ukumbi uliokuwa na mozaiki na pango la Antro delle Sorti, ambalo sakafu yake ya mozaiki ya samaki bado iko mahali pake, vipo chini kwenye uwanja wa mji, nje ya lango la makumbusho. Nilipokwenda mara ya kwanza, nilikuwa na kampuni ya utalii iliyotupeleka juu tu, ikatuambia kwamba hilo ndilo hekalu, na kuturudisha Roma kwa chakula cha mchana. Fedha zile zingetosha kwa nauli ya basi na mlo mzuri.

Je, kwa nini Palestrina na si Delphi, kituo mashuhuri cha uaguzi cha Ugiriki? Delphi ina mandhari kubwa zaidi na jina kubwa zaidi, ila wakati wa Warumi kituo kile kilikuwa kimepungukiwa sana, na mgeni hushindwa kujua ni lipi kati ya anayoyaona lilihusu uaguzi wenyewe. Didyma, katika Uturuki ya leo, ina hekalu la Apollo ambalo ukubwa wake unatisha, na njia zake mbili za giza zinazoshuka hadi uani ni ushindani wa kweli kwa njia za Palestrina. Klaros, si mbali na hapo, ndiko Germanicus, jemadari wa Kirumi, alikopata utabiri wa kifo cha mapema mwaka 18 BK. Mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba kuhani wa pale alishuka pangoni, akanywa maji ya chemchemi ya siri na kujibu kwa mashairi. Vyumba hivyo vya chini ya ardhi bado vipo, ila mara nyingi vina maji. Anayetaka kulinganisha aende kote, akiweza. Anayeweza kwenda mahali pamoja tu, na ambaye anapenda kuelewa kuliko kushangaa, namtuma Palestrina, kwani hapa uaguzi ulikuwa wa namna nyepesi kuliko yote na jengo lake likawa zito kuliko mengi, na mtu anaweza kuipima tofauti hiyo kwa miguu yake mwenyewe.

Usafiri wa umma unatosha: mabasi ya mkoa huondoka kituo cha metro cha Anagnina, au mtu apande treni hadi Zagarolo na kumalizia kwa basi. Mikahawa iliyo karibu na uwanja inatoa chakula cha kawaida cha mkoa wa Lazio, na kahawa yake ni nzuri. Kabla ya kusafiri, ulizia saa za makumbusho, na uulize kando kama ukumbi na pango la chini vitakuwa wazi siku hiyo. Vikiwa vimefungwa na una nafasi ya kubadilisha siku, badilisha.